DVD ya harusi kuganda, deki haina kosa

Ndugu mhariri,

Salaam. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, kwahiyo mkiona sentensi haijanyooka mninyooshee wenyewe. Wiki mbili nyuma mlitoa barua ya mzee mmoja analalamika kwamba alilipia DVD ya harusi ya bintiye, katoa hela ya maana, kafika nyumbani kaweka kwenye deki, ndoa ikaenda vizuri, chakula kikaenda vizuri, kufika mapokezi ya usiku picha ikaganda, uso wa bwana harusi ukabaki vipande vipande kama sakafu ya vigae, na alipomrudia fundi akaambiwa "mzee deki yako imechoka nunua nyingine". Akamalizia kwa kusema DVD zimepitwa na wakati, bora watu tupewe vitu kwenye flashi yaishe.

Nilisoma nikacheka kidogo alafu nikasikia uchungu, maana hiyo kazi ndo inanilisha. Nipo Tanga, Ngamiani, nahariri video za shughuli tangu 2007, nimeanza kwa kanda za mini DV mpaka leo watu wananiletea klipu za WhatsApp, na nataka nimwambie yule mzee kwamba deki yake huenda haina kosa kabisa. Kosa ni la kwetu sisi mafundi. Na siku hiyo ya kwanza niliposoma kwamba imeganda *kwenye mapokezi*, sio kwenye ndoa, nikajua karibu na nusu ya ugonjwa hata diski sijaishika.

Iko hivi. Deki inaisoma diski kuanzia ndani kwenye kile kitobo inakuja nje, sio kama sahani ya santuri iliyokuwa inaanza ukingoni. Sasa harusi zetu unazijua, zinapangwa kwa mtiririko, asubuhi ndoa, mchana chakula, usiku mapokezi, kwahiyo mapokezi yanaangukia ukingoni kabisa mwa diski. Ukingoni ndo vidole vya watu vinaposhika, ukingoni ndo diski inapoyumba zaidi ikiwa inazunguka, na fundi akichoma kwa spidi kubwa ukingoni ndo kunakochomwa kwa haraka zaidi na kwa ubovu zaidi. Ongeza na ile stika ya karatasi yenye picha ya maharusi ambayo wateja wanaipenda sana, imebandikwa upande mmoja imeelemea kidogo, deki ikipata joto gundi inalegea, hapo lenzi inamkimbiza bwana harusi haimpati. Mi stika niliacha kabisa, nanunua diski nyeupe zinazopigwa wino moja kwa moja na printa, au naandika kwa maka peni basi. Na diski siijazi mpaka pomoni, naacha ukingo kidogo mtupu.

Lakini hayo ya stika ni ya mwisho kabisa, ni ya siku ya kukabidhi. Shida inaanza mbali huko nyuma, kwenye maandalizi, na hapa ndo vijana wetu wanaponikera (samahani vijana, wengine nimewafundisha mwenyewe). Kijana anamaliza kuediti, anaexport mp4 (faili la video la kawaida la kompyuta na simu), anaivuta ile mp4 anaitupa kwenye diski anachoma, anasema hii ni DVD. Hiyo sio DVD, hiyo ni diski yenye faili. Deki yenye uwezo wa kusoma mp4 itacheza, deki ya bibi kule Muheza itakuandikia "No Disc" au itaizungusha mpaka uchoke. DVD ya video yenyewe ukiifungua kwenye kompyuta unakuta folda inaitwa VIDEO_TS, ndani kuna faili za VOB ambazo ndo picha na sauti, zimekatwa kila moja isizidi GB moja, kuna IFO ambazo ndo ramani ya wapi kuna nini, na kuna BUP ambazo ni nakala ya hiyo ramani ikitokea ya kwanza imekwaruzwa. Pembeni unakuta AUDIO_TS tupu haina kitu, wengi wanaifuta wakidhani ni takataka, iacheni, kuna deki za zamani zikiikosa zinasusa.

Na picha ndani yake sio ya kila aina. Ni MPEG-2, namna moja ya kubana video, na kwetu tunaotumia PAL, mfumo wetu wa TV, ni vinukta 720 kwa 576, fremu (yaani picha mojamoja) 25 kwa sekunde. Sauti ni 48 kHz, yaani vipimo elfu 48 kwa sekunde, wakati nyimbo tunazozitoa kwenye CD ni 44.1, lazima zibadilishwe. Sasa chukua mambo ya siku hizi, mtu kapiga ndoa kwa kamera nzuri, shangazi kapiga kwa simu amesimamisha wima, binamu kaleta klipu imeshapita kwenye magrupu matatu. Simu ina tabia mbaya moja, inapiga fremu 30 lakini sio 30 kamili, kwenye giza inapunguza kwenye mwanga inaongeza, ukiiingiza hivohivo mwanzo sauti iko sawa baada ya dakika kumi shekhe midomo imeshafunga sauti bado inatoka. Mi kabla sijagusa kitu chochote klipu zote za simu nazipitisha kwenye programu ya HandBrake nazifunga kwenye fremu za kudumu. Kazi ya nusu saa, inaniokoa siku mbili.

Kamera za zamani nazo zina lao. Zile za mini DV kila fremu ilikuwa na nusu mbili za mistari na zilianza na ya chini, kamera za HD zilizofuata zikaanza na ya juu. Ukichanganya bila kuiambia programu ukweli, mtu akikaa haionekani, akianza kucheza ndo unaona anatetemeka kama ana homa. Harusi ya Tanga bila kucheza ipo? Kwahiyo utaiona tu.

Alafu kuna hesabu, na hii fundi yeyote asiyeijua asipewe harusi ya mtu. Diski ya kawaida inabeba baiti bilioni 4.7 (kompyuta itakuandikia 4.37 usidhani muuza duka kakupunja, ni namna tu ya kuhesabu). Kila baiti ni biti 8, kwahiyo unazo biti bilioni 37.6 za kutumia basi. Video ya saa mbili ni sekunde 7200, gawanya, unapata kama megabiti 5.2 kwa kila sekunde na hapo ni picha na sauti na menyu vyote vimo. Hiyo ni picha nzuri. Saa tatu inashuka 3.5, bado unavumilia. Saa nne 2.6, hapo ukitupa maua hewani au taa za disko zikiwaka unaona vigae. Na wateja wetu wanataka kila kitu, sendofu, kitchen party, singo, ndoa, mapokezi, mpaka gari likipaki, saa sita nzima, na wanataka kwenye diski moja "ili isipotee". Mama mmoja mteja wangu nilimwambia diski mbili akaniona mwizi. Zipo za matabaka mawili zinabeba GB 8.5 ila bei yake na jinsi zinavyosumbua kwenye deki za zamani mi nashauri diski mbili tu za kawaida, moja ya nyumbani moja ya ukumbini.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaojifanya wanataka ubora. Video fupi ya dakika 40, nafasi ipo tele, basi wanapandisha picha mpaka megabiti 9.8 kwa sekunde ambayo ndo mwisho wa kiwango, alafu sauti wanaiacha nzimanzima haijabanwa, hiyo peke yake inakula 1.5. Jumla inayoruhusiwa kwa vyote ni 10.08. Umeshazidisha. Programu nyingine inakuonya, nyingine inakuachia ujionee mwenyewe, na deki ikifika pale kwenye vurugu inazidiwa inaganda. Mi kilele changu hakivuki 8, sauti naibana kwa AC-3, namna ya kubana sauti ambayo deki zinaielewa, na naiachia programu ipite mara mbili, mara ya kwanza inaangalia tu, mara ya pili inagawa zile biti, pale mzee amekaa anatoa nasaha inampa kidogo, pale kina mama wamevamia ukumbi na vigelegele inawapa nyingi. Kama unavyogawa nyama kwenye shughuli, unaangalia sahani inakwenda kwa nani.

Na tafadhali isibanwe ovyo ovyo. Simu imebana, WhatsApp imebana, we umeexport mp4 umebana, alafu unabana tena kwenda MPEG-2. Wali ukiupasha mara ya nne hauwi wali tena. Toka kwenye timelaini, pale unapopanga klipu kwenye programu, nenda moja kwa moja MPEG-2, basi.

Sasa menyu, ambayo ndo mimi naipenda na ndo iliyonifanya nisiiache hii kazi. Mzee aliyesema flashi bora simkatalii, flashi ni rahisi, ila flashi ni gunia, unamimina mtu ajitafutie. Diski yenye menyu unaweka, inaimba kidogo, inakuuliza unataka kuona nini. Bibi wa miaka themanini asiyejua folda ni mdudu gani anabonyeza mshale na OK. Lakini hiyo raha inatoka kwa mtu kukaa chini na kufikiri, na mimi mwenyewe nimeaibika vya kutosha kabla sijajifunza.

Menyu yangu ya kwanza kabisa ya kujivunia niliipamba na pete mbili za dhahabu, na juu kabisa kwa herufi kubwa nimeandika NDOA YETU. Kwenye kompyuta inang'aa. Nimekabidhi asubuhi, jioni mama wa bi harusi ananipigia, sauti imebadilika, "Mwanangu, doa gani tena unatuandikia?" Sikuelewa. Nikaenda mpaka kwao, Chumbageni, wana TV ya chogo, weka diski, ile TV imemeza kingo zote, N imeliwa, imebaki DOA YETU kwa rangi ya dhahabu, na pete zangu mbili zimekuwa mayai yamelala. Watu wamejaa sebuleni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hapo nikajifunza vitu viwili kwa siku moja. Kwanza TV hazionyeshi picha yote, kwahiyo maandishi yakae ndani ya asilimia 80 ya katikati, pembeni huko weka maua tu. TV za flati nazo zipo zinazokata kingo mpaka leo kama haijapangwa vizuri, msidhani hayo yameisha. Pili zile 720 kwa 576 vinukta vyake sio mraba, TV inavivuta, kwahiyo ukitaka duara libaki duara ukiwa unachora kwa TV pana chora kwenye 1024 kwa 576 alafu programu iibane yenyewe, na kwa TV ya zamani chora 768 kwa 576. Na mistari myembamba ya kulala usiweke, kwenye chogo inapepesa mpaka macho yaume.

Kuna na rangi za batani. Ile alama inayoonyesha umesimama wapi kwenye menyu sio picha ya kawaida, ni kijipicha cha juu chenye rangi nne tu, na moja kati ya hizo kwa kawaida unaiacha iwe uwazi. Ukijitia kuweka kivuli laini na mng'aro inatoka na meno kama msumeno. Mi niliacha mbwembwe, nina ua moja dogo la hina nimelichora kwa rangi moja, linakaa kushoto mwa neno ulilosimamia. Wateja wanalipenda kuliko mbwembwe zote.

Alafu njia za mshale. Hapa ndo bibi yangu mzaa baba alinifundisha kazi, Mungu amrehemu. Kila batani lazima uiambie, mtu akibonyeza chini aende wapi, juu aende wapi, kulia, kushoto. Programu inajipangia yenyewe kwa kukisia, na inakisia vibaya. Nilimwekea diski ya harusi ya mdogo wangu, batani nne, Sendofu, Ndoa, Mapokezi, Nasaha za Wazee. Bibi anataka Nasaha maana na yeye yumo. Anabonyeza chini, ua linatoka Sendofu linaruka Mapokezi. Anabonyeza chini, linarudi juu. Anabonyeza kulia, linapotea kabisa. Akaiweka rimoti kwenye mkeka taratibu akasema "hiki kidude kina jini, niwekee wewe". Mimi nakaa mbali na pale siku nyingi, nani angemuwekea? Nikaenda kurekebisha usiku uleule. Tangu hapo diski haitoki kwangu kabla sijaizunguka kwa rimoti ya ukweli, sio mausi, mausi inadanganya, na mausi unaruka popote. Rimoti, deki ya bei chee, TV ya chogo, vyote nimevitunza studio kwa ajili hiyo tu, watu wanaokuja wananicheka wanasema hii makumbusho.

Kitu kingine mafundi hawafikirii, video ikiisha inaenda wapi? Usipoiambia, deki nyingine inasimama kwenye giza, nyingine inaanza kucheza kitu kinachofuata ambacho hukutaka, nyingine inarudi mwanzo kabisa. Nasaha zikiisha zirudi kwenye menyu na ua lisimame pale kwenye Nasaha sio kule juu, ili mtu ajue alipokuwa. Kitu kidogo lakini unaona mtu mzima anavyotulia. Na vituo vya ndani, zile chapta za kuruka mbele, viwekwe kwenye programu ya kuediti kabla ya kubana, kwa sababu ukishabana kituo kinakaa tu kwenye fremu iliyo kamili (nyingine zinabeba mabadiliko tu), na kwa PAL fremu kamili zinaweza kuachana mpaka fremu 15, hiyo ni zaidi ya nusu sekunde. Nusu sekunde inatosha ukiruka kwenda kwenye akdi ukaanza kusikia "...min!" ya dua iliyopita.

Nisiongelee harusi peke yake. Hii diski ina akili ambayo wengi hawaijui. Deki ina vijisehemu 16 vya kumbukumbu, kila kimoja kinabeba namba, na unaweza kuiamuru, mtu akibonyeza hiki ongeza moja, ikifika kiasi fulani peleka pale. Mwaka mmoja chuo fulani cha udereva, jina naliacha, kiliniomba diski ya alama za barabarani, na mi nikasema niwatengenezee mtihani kabisa. Inatokea video ya barabara, gari linaenda, alama inatokea, picha inasimama, majibu manne. Ukipata inakupigia makofi, ukikosa inakurudisha kuiona ile alama tena na maelezo. Maswali kumi, mwisho inakupa ukurasa wa alama zako. Hakuna kompyuta hapo, deki tu na rimoti. Nilijiona nimefika mwezini.

Wiki moja baadae mwalimu ananipigia anacheka mpaka hawezi kuongea, kuna mwanafunzi anawatambia wenzie kapata 14 kwa 10. Nilisahau kuirudisha ile namba sifuri mtihani ukianza upya! Ukitoa diski inajifuta, lakini ukimaliza ukarudi menyu ukaanza tena inaendelea kujumlisha kutoka pale ulipoishia. Mstari mmoja tu wa amri pale mwanzo, hukuuweka, umeshamtoa dereva mwenye alama 14. Nilichoma diski zote upya kwa hela yangu.

Na manukuu je? Diski inaruhusu njia za sauti mpaka 8 na za maandishi mpaka 32, sisi tunatumia moja ya sauti na sifuri ya maandishi. Lushoto nilifanya shughuli wazee wanatoa nasaha kwa Kisambaa, wajukuu wa Dar hawasikii kitu, nikaweka maandishi ya Kiswahili chini, wanaoyataka wanayawasha kwa rimoti wasioyataka wanayazima, sauti ya mzee iko palepale haijaguswa. Ndo maana huwa nawaonea huruma wale wakali wa kutafsiri filamu, ma-DJ wa kwetu na Kenya na ma-VJ wa Uganda, kazi yao naiheshimu sana, nimekulia kwenye mabanda ya video, lakini walimwaga sauti yao juu ya sauti ya filamu ikawa ndo basi tena. Kwenye DVD ungeweza kuweka ya DJ kwenye njia ya kwanza na ya mwenyewe kwenye ya pili, mtu achague. Sijawahi kuiona hiyo diski, kama ipo mtu anioneshe.

Nigusie na wanaotuma nje maana Tanga hapa kila nyumba ina mtu Muscat, kule Oman. Muscat haina shida, wanatumia PAL kama sisi, ila hakikisha diski umeiacha wazi kwa kanda zote, yale maeneo ya dunia ambayo DVD zimegawanyiwa, maana sisi tupo kanda ya 5 na wao ya 2 na programu nyingine ukizembea inaweka kufuli yenyewe. Marekani ndo kuna kasheshe, kule mfumo wao ni NTSC, mistari 480 na fremu 29.97, deki nyingi za kule PAL hazitaki kuisikia. Mteja wangu alituma diski kwa kaka yake Ohio, kaka akasema mmenitumia diski mbovu. Sio mbovu, aiweke kwenye laptop tu itacheza. Siku hizi nauliza kabla, harusi inaenda wapi, na wa Marekani namtengenezea ya kwake.

Najua mtu atasema dada unapigania kitu kilichokufa. Programu zenyewe nilizojifunzia zimeachwa, Adobe Encore iliishia na toleo la CS6 la 2012, wale wa Apple na DVD Studio Pro waliacha 2011, laptop mpya hazina hata mlango wa diski, natumia ya nje ya USB. Sawa. Sasa hivi natumia DVDStyler ambayo ni ya bure, haijapendeza kama Encore lakini njia za batani na amri zote zipo, na mteja wangu nampa diski na flashi vyote viwili, bei ileile. Lakini watu wenye deki bado wapo wengi kuliko mnavyodhani huko mjini, na wengi wao ndo haohao wazee waliolipia hiyo harusi. Usimpe flashi mtu ambaye TV yake haina hata tundu la flashi alafu ukasema umemaliza kazi.

Sasa yule mzee mwenye barua, naomba mhariri umfikishie haya. Shikamoo mzee wangu. Kabla hujanunua deki cheza hiyo diski mara tatu. Ikiganda palepale kila mara, dakika ileile, tatizo ni diski au jinsi ilivyobanwa. Ikiganda leo hapa kesho pale, na diski zako nyingine zinaganda pia, hapo kweli deki lenzi imechoka na fundi wako hakukudanganya. Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Alafu mtafute kijana mwenye kompyuta yenye mlango wa diski, aweke programu ya ImgBurn, ni ya bure, achague kusoma sio kuchoma, apunguze spidi, aiache isome taratibu hata ikichukua saa nzima, mara nyingi kompyuta inapata pale deki iliposhindwa. Akishapata ile ISO yake, yaani diski nzima ndani ya faili moja, achome nyingine kwa spidi ndogo, diski nzuri, na ISO yenyewe akuwekee kwenye flashi uifiche kabatini. Na umrudie fundi wako umuulize kama ile projekti anayo bado, ni harusi ya binti yako, umelipia, una haki ya kuidai.

Kama diski ina stika usiibandue mzee. Ikianza kubanduka nusu ndo inaharibu kabisa, iache hivohivo mpaka nakala itoke.

Msomaji wenu,
Mama wa studio, Ngamiani, Tanga